Fomu ya hatua tatu: data za mteja zikae wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini jina na tarehe alizojaza mteja kwenye fomu ya kwanza zinapotea akifika ya tatu, na kama dawa ni sehemu zilizofichwa (visanduku vya fomu visivyoonekana kwenye skrini) au sesheni (data za mteja zinazotunzwa na seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti). Mimi zote mbili zimeniumiza, hapahapa Tanga, kwa hiyo nitakueleza nilipojikwaa.

Usijilaumu kwanza. HTTP, utaratibu wa kivinjari na seva kuongea, ni kama wanavyosema watu wa kwetu: waja leo waondoka leo. Ombi linafika kwenye seva, linajibiwa, linasahauliwa. Linalofuata ni geni kabisa, hata likitoka kwenye simu ileile baada ya sekunde 2. Lazima mtu abebe mzigo kati ya hatua na hatua: ama mteja, ama seva.

Kazi yangu ilikuwa ya nyumba ya wageni Raskazone: chagua tarehe na chumba, jaza jina na simu, thibitisha. Nikambebesha mteja. Kila ukurasa uliandika majibu ya ukurasa uliopita ndani ya `<input type="hidden">`, yakarudi pamoja na mapya. Njia hii msiidharau. Seva haihifadhi kitu, mteja akirudi nyuma hakiharibiki kitu, na akifungua vichupo viwili (tabo za kivinjari) kila kimoja kina vyake. Ujinga wangu ulikuwa kutia na bei humo humo. Asubuhi moja dada wa mapokezi akanipigia: “Kaka, kuna mgeni hapa, chumba cha elfu sitini, risiti inasema elfu sita. Nimpe ufunguo?”

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Kufichwa maana yake ni kutoonekana kwenye skrini tu. Mtu akikagua ukurasa kwenye kivinjari anaikuta, anafuta sifuri moja, anatuma.

Jingine la njia hiyohiyo: mgeni ambaye ukoo wake unaanza na Ng' alifika hatua ya tatu akiitwa Ng, basi. Nilikuwa nimeandika `value='...'`, kile king'ong'o, yaani alama ile ya ', kikafunga sehemu kabla ya wakati. Kila unachorudisha kwenye ukurasa kipitishe kwenye `htmlspecialchars()`, amri ya lugha ya PHP inayozuia alama kama hizo zisivuruge ukurasa, na uweke `ENT_QUOTES`, maana kabla ya PHP 8.1 alama hiyo moja ilikuwa inaachwa kama ilivyo.

Kwa hasira nikahamia kwenye sesheni. Kivinjari kinabeba kidakuzi (cookie, kijimaandishi ambacho seva inakipa kivinjari kitunze) chenye utambulisho tu, data zenyewe zinakaa kwenye `$_SESSION` upande wa seva. (Vidakuzi alivibuni Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, na shida iliyomsukuma ilikuwa kikapu cha mnunuzi mtandaoni. Shida yako hii hii.) Bei ikawa salama. Ndipo akaja mama mmoja wa Korogwe aliyekuwa anaandaa harusi. Alifungua vichupo viwili, kimoja cha chumba cha maharusi, kingine cha wazee, akawa anaruka huku na huku. Vichupo vyote vya kivinjari kimoja vinatumia sesheni moja, na mimi nilikuwa na `$_SESSION['chumba']` moja. Chaguo la mwisho likafuta la kwanza. Akathibitisha mara mbili chumba cha wazee, na maharusi wakapangiwa vitanda viwili vya futi tatu. Lawama zilizonifika siwezi kuziandika hapa.

Halafu kuna muda. PHP kwa kawaida imewekewa `session.gc_maxlifetime` ya sekunde 1440, yaani dakika 24. Zikipita bila mteja kugusa kitu, data zake zinaweza kufagiliwa. Umeme ukikatika au akienda kutafuta kitambulisho kabatini, anarudi anakuta `$_SESSION` tupu. Fomu yangu haikukagua hilo, ikahifadhi nafasi isiyo na jina.

Sasa hivi nafanya hivi. Hatua ya kwanza ikitumwa, naingiza mstari kwenye jedwali la `rasimu` ndani ya hifadhidata na kuupa tokeni ya `bin2hex(random_bytes(16))`, herufi 32 zisizokisika. Kinachosafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa ni tokeni hiyo peke yake, kwenye anwani. Kila hatua inaujaza mstari huohuo, kwa hiyo vichupo viwili ni rasimu mbili na haziingiliani. Bei siibebi popote: hatua ya mwisho inaikokotoa upya kutoka jedwali la vyumba, na tarehe zinakaguliwa tena hata kama zilishakaguliwa mwanzo.

Tokeni kuwa kwenye anwani kuna gharama yake. Mteja akimrushia mwenzake kiungo kwa WhatsApp, mwenzake ataiona rasimu. Kwa chumba cha kulala sikuona ubaya, tena kuna waliomaliziana fomu hivyo. Ila kama unachukua namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, usithubutu. Ifungamanishe rasimu na sesheni ya aliyeianzisha, ukubali kwamba muda ukiisha ataanza upya.

La mwisho, na hili hukuuliza lakini litakukuta: mtu anapakia upya ukurasa wa shukrani, kivinjari kinatuma fomu tena, chumba kinahifadhiwa mara mbili. Ukishahifadhi usichore ukurasa palepale. Mwelekeze kwingine kwa `header('Location: ...', true, 303);` na chini yake uandike `exit;`, la sivyo programu inaendelea kukimbia. Anayebonyeza kitufe mara mbili kwa haraka, mzuie kwenye hifadhidata: badilisha hali ya rasimu kutoka `wazi` kwenda `imefungwa` kwa amri moja yenye sharti `WHERE hali='wazi'`, na ikiwa hakuna mstari uliobadilika, usihifadhi kitu.

Kama fomu yako ni ya maoni tu, haina bei wala siri, achana na haya yote, tumia sehemu zilizofichwa. Rasimu zilizotelekezwa mimi nazifuta kila usiku saa nane kwa kroni (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba), zile zilizozidi siku 2.