Seva ya Biashara: Je, Izimwe na Kuwashwa Kila Wiki?

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla mjini Tanga. Seva yetu moja imebeba programu ya mauzo na stoo pamoja na kanzidata ya MySQL. Kila Jumapili usiku fundi wetu huizima na kuiwasha, akisema kuwa kumbukumbu hujaa na mashine huchoka. Ajabu ni kwamba Jumatatu asubuhi, wateja wanapokuwa wengi, ndipo mfumo unapokuwa mzito kuliko siku nyingine. Je, zoezi hili ni la lazima?
Mhasibu, Tanga

JIBU: Ndugu mhasibu, si la lazima, na inawezekana kabisa kwamba uzito wa Jumatatu unasababishwa na zoezi lenyewe. MySQL, kama zilivyo kanzidata nyingine kubwa, hutunza ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kurasa za data zinazohitajika mara kwa mara, ili bei ya saruji au salio la mteja lipatikane bila kwenda kulisoma kwenye diski. Seva ikizimwa, akiba hiyo hupotea yote, na watu wenu wa kaunta huanza wiki na kanzidata inayolazimika kuijenga upya huku wateja wakisubiri. Ni kweli kwamba tangu toleo la 5.7, MySQL inapozimwa kwa utaratibu huandika orodha ya kurasa zilizotumika karibuni ili izipakie tena ikiwaka, lakini kwa mipangilio yake ya kawaida orodha hiyo huchukua robo tu ya kurasa hizo.

Kuhusu kumbukumbu kujaa, RAM iliyojaa mara nyingi ni RAM inayofanya kazi yake. Mfumo endeshi wa Linux huitumia sehemu isiyo na kazi kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia pale programu inapoihitaji. Kwa hiyo anayetazama tarakimu ya RAM tupu peke yake atadhani mashine imeelemewa, ilhali takwimu ya kuangaliwa ni ile ya kumbukumbu inayoweza kupatikana. SQL Server, kanzidata ya Microsoft, nayo hujichukulia RAM hadi kufikia kikomo ilichowekewa, na dawa yake ni msimamizi kuweka kikomo kinachofaa. Kuchoka hakupo: seva imeundwa ifanye kazi mfululizo kwa miezi mingi.

Hata hivyo, fundi wenu hakulizua jambo hili. Zipo programu zinazochukua kumbukumbu bila kuirudisha, hadi mashine nzima ikwame, na zipo zenye vihesabio vinavyofika mwisho. Windows 95 na 98 zilikuwa na kihesabio cha milisekunde cha biti 32, ambacho hujaa baada ya siku 49.7, na kompyuta iliyowashwa muda wote huo iliweza kuganda. Kasoro ya jamii hiyo ilileta hatari kubwa kusini mwa California mnamo Septemba 2004, katika kituo cha kuongozea ndege kilichoko Palmdale. Mafundi walikuwa wameelekezwa kuiwasha upya kompyuta ya mfumo wa redio kila baada ya siku 30. Safari moja hilo halikufanyika, mfumo ukajizima, ule wa akiba nao ukashindwa, na waongozaji wakakosa mawasiliano na ndege kwa zaidi ya saa tatu.

Kwa sababu hiyo siwezi kuuita utaratibu wenu wa Jumapili kuwa ni matunzo. Ikiwa kweli seva haiwezi kumaliza wiki mbili bila kuzimwa, basi ndani yake kuna kasoro ambayo haijatafutwa, nayo itawakamata siku fundi atakapougua au kusafiri. Mwombeni aiache iendelee, arekodi kila siku kiasi cha RAM ambacho kila programu inatumia, na aone ni ipi inayopanda bila kushuka. Ikibainika, izimwe na kuwashwa hiyo peke yake, kanzidata ikibaki hewani, huku aliyeitengeneza akitakiwa kuirekebisha. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu kuzima kila kitu kunafuta pia ushahidi: takwimu nyingi za utendaji ambazo MySQL hukusanya hukaa ndani ya RAM, na maswali mazito, yaani maombi makubwa ya data, yaliyokuwa yakiendelea kwenye kanzidata hutoweka pamoja nazo.

Sababu halali ya kuwasha upya ni masasisho ya usalama. Microsoft hutoa yake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mengi kati yake hayakamiliki mpaka mashine iwashwe upya. Kwa Linux, sasisho la kiini cha mfumo endeshi huhitaji hivyo pia, isipokuwa palipo na huduma ya kukitia viraka kikiwa kazini. Pangeni usiku mmoja kwa mwezi, mhakikishe kuna nakala rudufu iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa, msimamishe programu ya mauzo kwanza, kisha kanzidata, na mwisho mfumo wenyewe. Mtapata pia kujua kama kila huduma hujiwasha yenyewe baada ya hapo, jambo lisilofaa kugunduliwa saa za kazi.

SWALI: Huku kwetu umeme hukatika mara kwa mara, na ukirudi seva huwaka yenyewe na data inakuwepo. Je, huko si kuwashwa upya kwa kutosha, hata nisinunue UPS mpya, yaani kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika?
Mwenye duka la dawa, Mwanza

JIBU: Hapana, ndugu yangu, nunua. Ikiwa seva yako nayo inatumia MySQL, majedwali yake ya aina ya InnoDB huponywa na daftari la mabadiliko linalosomwa tena mashine inapowaka, lakini yale ya aina ya MyISAM, ambayo programu nyingi za zamani bado huyatumia, hayana kinga hiyo na huweza kuharibika. Hata InnoDB hutegemea diski iseme kweli inapodai imeshaandika, na zipo diski za bei nafuu zisizosema kweli. Chagua UPS yenye waya wa USB, iunganishe na seva, na uweke programu yake ili betri inapokaribia kuisha seva ijizime kwa utaratibu. Kisha, baada ya kufunga duka, chomoa UPS kwenye soketi ya ukutani uone kama kweli inafanya hivyo.