Ulimi hauingii kwenye tundu? Anza kupima plaiwudi

Pole mkuu, nimekuelewa, umechora meza kwa plaiwudi ya 18 mm, CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) imekata vizuri tu ila ulimi mmoja, kile kipande kinachochomoza kuingia kwenye tundu la ubao mwingine, unagoma kuingia na mwingine unacheza. Hata mi yalinikuta, nikaharibu shiti nzima ya kabati, iliniuma sana.

Hiyo 18 ni jina tu. Chukua venia (kifaa cha kupimia unene) upime shiti yenyewe sehemu tano sita, kila kona, utakuta 17.4 hapa na 17.7 pale, sasa upana wa tundu chora kwa kipimo kikubwa ulichopata halafu ongeza kama 0.15 mm gundi ipate pa kukaa. Shiti mpya, pima upya.

Alafu biti (kile kisu cha mashine kinachozunguka) ni ya duara, so kona ya ndani haitoki kali kamwe, biti ya 6 mm inakuachia mviringo na kona ya ulimi inakwama hapohapo, we ongeza vitobo vya duara kwenye kona za tundu.

Kabla hujakata kazi yote kata matundu matano kwenye kipande chakavu cha shiti hiyohiyo, ukipishanisha upana kwa 0.1 mm. Linalofaa ni lile ulimi unaingia kwa kusukuma na mkono au kugonga kidogo na nyundo ya mpira, ukilazimisha tabaka zinaachana.

Tundu likitoka sawa ukikata kwa urefu wa meza ya mashine ila kwa upana wake linabadilika, hapo mashine imelegea, mwite fundi wa CNC usifungue mwenyewe. Na vaa barakoa jamani, lile vumbi lina gundi.