Usidanganywe na pampu ya oili inayozunguka laini

Trekta la kwanza nililofanyia injini ovahoo (kuifumua yote na kuifanya upya) nililibadilishia slivu, pistoni, ringi na beringi zote za krenki. Pampu ya oili niliiosha kwa dizeli, nikaizungusha kwa vidole, nikaona iko laini, nikairudisha. Asubuhi injini ikiwa baridi presha ya oili ilipanda vizuri sana. Nusu saa shambani, mshale wa geji ukalala.

Ilibidi nishushe upya sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Pampu ya gia ina gia mbili ndani ya nyumba ya chuma. Meno yanabeba oili kwa kupita ukutani na kuisukuma upande wa pili. Kinachoizuia isirudi ilikotoka ni ule ubano mdogo tu kati ya gia na chuma kilichozizunguka. Oili baridi ni nzito, inapenya kwa shida. Ikichemka inakuwa nyepesi na kuponyoka humo humo. Ndiyo maana ule ulaini ulionifurahisha haukuwa na maana: pampu iliyolika huzunguka laini kuliko mpya.

Siku hizi navua kifuniko, nalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyumba, kisha napitisha fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya rula na uso wa gia. Halafu napima kati ya ncha za meno na ukuta. Kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa kimo kwenye kitabu cha injini husika. Usikisie, kwani hapa tunazungumzia sehemu ndogo sana za milimita.

Kwangu mimi gia zilikuwa nzima. Kifuniko ndicho kilichochimbwa mduara na gia, ukucha ulikwama kabisa. Na juu ya hapo (hili nalisema kwa aibu) gasketi nilikuwa nimeikata mwenyewe kwenye karatasi nene. Kwenye pampu kama ile, unene wa gasketi unaongezeka moja kwa moja kwenye nafasi ya gia. Nyingine hazina gasketi kabisa, kwa hiyo angalia kwanza ulichokikuta.

Kifuniko nilikisugua kwenye msasa laini uliolazwa juu ya kioo, na oili kidogo, mpaka mistari ikaisha. Ukuta wa nyumba ukichimbika, usihangaike nao. Tafuta pampu nyingine.

Valvu ya presha, ile inayoachia oili presha ikizidi, itoe pia: pistoni yake iteleze bila kukwama, springi isiwe imechoka. Kuna mafundi wanaoweka washa (kipete cha chuma) nyuma ya springi ili geji isome juu. Mimi sikubali, kwa sababu ubovu unabaki palepale. Bomba la kufyonzea nalo likaze vizuri; likivuta hewa, utailaumu pampu bure.

Kabla ya kufunga, jaza pampu oili, maana ikiwa kavu inaweza kushindwa kuvuta. Kisha funga dizeli na upige stata kwa vipindi vifupi, ukiiacha ipoe kati yake. Mshale wa geji ukinyanyuka, fungua dizeli.