Acha Mbao Zifanye Hesabu

Vijana wanaotaka kutengeneza sanaa ya kompyuta kwa mbao huniuliza kwanza waandike programu gani. Huwaambia waiache kompyuta kwanza, wachukue kipande cha mninga na tochi, wawashe mwanga kutoka juu, kisha wakiinamishe taratibu. Kikitazama juu kinang'aa, kikitazama chini kinafifia. Kazi yote imo humo.

Msanii Daniel Rozin alijenga kioo chake cha mbao mwaka 1999 kwa kanuni hiyo. Kina vipande 830 vya mraba, kila kimoja na mota yake ndogo. Kamera inamwona aliyesimama mbele, kompyuta inaigawa picha iwe madoa ya weupe na weusi, na kila kipande kinainama kulingana na doa lake. Hakuna rangi iliyopakwa. Unajiona kwa vivuli vya mbao tu, na ukipunga mkono, mbao zinakufuata.

Kwa hiyo shughulikia taa mapema. Ifunge juu na chumba kiwe na giza. Mwanga ukitoka kila upande, kivuli kinakufa na picha inakufa nayo. Vanishi ya kung'aa usiiguse. Na kama unaishi pwani, tumia mbao zilizokauka kweli, uache nafasi kati ya vipande: unyevu wa masika huvimbisha mbao, vipande vikabanana, mota ikalazimisha hadi ikaungua.

Huna fedha za mota? Afadhali, maana njia ya pili ndiyo naipenda zaidi. Ning'iniza timazi, ule uzito wa fundi mwashi, kwa nyuzi mbili, kila uzi kwenye msumari wake, misumari ikikaribiana. Legeza uzi mmoja, timazi inabaki juu. Legeza zote mbili, inashuka. Hiyo ni "na" ya kompyuta: jibu linatokea pale tu masharti yote mawili yakitimia. Ukiziunganisha nyuzi kwa mfuatano, moja ikifungwa kwenye ncha ya nyingine, yoyote ikiachia timazi inashuka. Hiyo ni "au": sharti moja linatosha.

Msanii Mjerumani Ralf Baecker alijenga mashine nzima ya namna hii mwaka 2007, "Rechnender Raum", yaani "Nafasi Inayokokotoa", kwa vijiti, nyuzi na vipande vizito vya madini ya risasi. Hesabu inafanyika upande wa nje, mbele ya macho ya watu, na jibu linatokea ndani, lisikoonekana vizuri. Naona huo ni uamuzi wa kijasiri kuliko yote aliyofanya. Nawe ukipeleka kazi yako ukumbini, geuzia nyuzi upande wa watazamaji, na uache mmoja uning'inie chini kiasi cha mtoto kuufikia na kuuvuta.