Kompyuta inapokubadilishia maandishi: kwa wanaoanza kazi ya kuchapa

Kaa wiki moja tu kwenye meza ya steshenari, utampata mteja wa kukuuliza, "Mbona mimi sikuandika hivi?" Na kweli hakuandika hivyo. Wala wewe hukuchapa hivyo. Nimechapa zaidi ya miaka kumi, sehemu kubwa jirani na mahakama ya mwanzo, na mpaka leo Word, programu ninayochapia, hunipita kimya kimya nikiwa na haraka. Haya ninayoandika ni kwa ajili yako uliyekalishwa kwenye kiti juzi, ukaachiwa foleni.

Nianze na aibu yangu. Mzee mmoja alileta mkataba wa kupangisha fremu mbili za duka. Alikuwa ameuandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari, vifungu vimepangwa vizuri kuliko vya mawakili wengine: 4(a), 4(b), mpaka 4(f). Nikachapa, nikatoa nakala tatu, nikazibana pini. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu, alipofika kifungu cha nne akanyanyua kichwa.

"Mwanangu, hizi euro zimeingiaje humu? Mimi na mpangaji tumekubaliana shilingi."

"Samahani mzee, hebu nione."

Baada ya 4(b) ilifuata 4©, na baada ya 4(d) ikakaa 4€. Karatasi tisa zikaenda kwenye boksi la kufungia vitumbua, na hela ya karatasi ikatoka mfukoni kwangu.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya Word kuna orodha ya maneno yaliyopangwa mawili mawili: ukichapa la kushoto, programu inaweka la kulia bila kukuuliza. Orodha hiyo ilikuja na Word 6 mwaka 1993, ikilenga zaidi wachapaji wa Kiingereza ambao vidole vyao huandika "teh" wakimaanisha "the". Humo humo siku hizi zimo na alama: (c) inageuka ya hakimiliki, (r) ya nembo iliyosajiliwa, (e) ya euro. Anayeandika barua za kawaida anaweza kumaliza mwaka asikutane nazo. Sisi wa mikataba, katiba za vikundi na hati za madai tunakutana nazo kila siku. Hata Marekani kwenyewe makarani wanalalamika, maana kifungu chao maarufu cha kodi kuhusu mashirika ya hisani kinaitwa 501(c)(3).

Mgeni wa kazi akiona © hufuta, anaandika tena (c), inageuka tena, anafuta tena. Nimemwona kijana akifanya hivyo mara nne huku mteja amesimama anamwangalia. Usifute. Gonga Ctrl+Z mara moja, pale pale. Word inahesabu kitendo chake kuwa hatua yake peke yake, kwa hiyo inarudisha ilichobadilisha tu, na herufi zako zinabaki. Kama unataka isirudie kabisa, fungua File, halafu Options, halafu Proofing, bonyeza AutoCorrect Options. Orodha ile utaiona hapo. Itafute (c), bonyeza Delete. Na (e) vivyo hivyo. Ni kazi ya dakika moja, nami niliahirisha kwa miaka.

Ukishajua hilo, jizoeze kujiuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: mkono wangu uligonga kitufe gani mwisho? Mabadiliko yakija mara baada ya kugonga nafasi, Enter au mabano ya kufunga, basi ni programu inayosahihisha unapoandika. Ukigusa aya moja zikabadilika nyingi, tatizo liko kwenye staili, yaani mpangilio wenye jina ambao aya nyingi zinautumia pamoja. Na yakiingia pamoja na kitu ulichokopi mahali pengine, hayo ni mambo ya kupesti. Ukikosea kutambua chanzo utahangaika kwenye menyu isiyohusika mpaka mteja aende kwa jirani.

Kundi la kwanza lina vituko vingi. Ukiandika TShs, inakuwa Tshs, kwa sababu programu inaona herufi kubwa mbili mwanzoni mwa neno na kudhani kidole kilichelewa kuachia Shift. Ukiandika "Tsh. laki tano", neno "laki" linapata herufi kubwa, kwa kuwa baada ya nukta Word inaamini sentensi imeisha. Dawa ipo pale pale kwenye AutoCorrect Options, kitufe cha Exceptions: unaweka "Tsh." upande wa vifupisho na "TShs" upande wa herufi mbili kubwa. Ofisi nyingi zinaandika "TShs" kwenye nyaraka zao, na mhasibu akiona "Tshs" ukurasa huu na "TShs" ukurasa ule, atajua hukuhakiki.

Kuna ule mstari usiofutika. Huu umewaliza wengi. Unachapa muhtasari wa kikao, unataka kutenganisha sehemu, unagonga vistari vitatu --- na Enter. Ghafla mstari mrefu unalala kutoka ukingo hadi ukingo. Unataka kuufuta, Backspace haiugusi, Delete haiugusi, ukiuburuza kwa mausi haushikiki. Binti mmoja niliyekuwa namfundisha aliamua kuufunika kwa kisanduku cheupe. Kwenye skrini ukapotea kweli. Siku ya pili katibu wa kikundi akaomba aongezewe jina moja juu, maandishi yakashuka, kisanduku kikabaki pale pale kimefunika majina ya wajumbe wawili. Mmoja wao alikuwa mweka hazina.

Mstari ule haufutiki kwa sababu si herufi. Ni mpaka wa chini wa aya iliyo juu yake. Weka kishale kwenye aya hiyo ya juu, nenda Home, fungua alama ya Borders, chagua No Border. Alama tatu za = zinaleta mstari wa mbili mbili, na vile vistari vya chini tunavyotumia kwa sahihi, vikiwa vitatu peke yake kwenye mstari, vinaleta mstari mnene. Ukitaka kuzima tabia hii, ingia AutoCorrect Options kwenye ukurasa wa AutoFormat As You Type na uondoe tiki ya Border lines. Ukurasa huo huo ndio wenye namba zinazojipanga zenyewe ukiandika 1. na nafasi, na barua pepe zinazogeuka bluu. Hizo sina maneno nazo, Ctrl+Z inatosha.

Staili ni jambo la kutulia nalo. Mwanafunzi wa chuo alileta ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo kwenye flashi, kurasa arobaini na kitu, akaomba nisogeze aya moja katikati. Nikaisogeza. Ripoti nzima ikasogea katikati. Aliyeiandaa alikuwa ameacha tiki kwenye Automatically update ndani ya staili ya aya hizo, na tiki hiyo ina maana kwamba unachofanya kwa aya moja zinafanyiwa zote za staili hiyo. Bonyeza staili hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Modify, ondoa tiki. Ndipo uendelee na kazi. Usianze kurudisha aya moja moja kushoto. Kila utakayoigusa itazivuta na wenzake.

Kuhusu kupesti, nitataja kero moja tu. Umepokea maneno kutoka faili la PDF au ujumbe wa simu, umeyapanga yajae pande zote mbili, na mstari mmoja una maneno manne yaliyotawanyika kama meno ya kizee. Bonyeza alama ya ¶ iliyo juu kwenye Home ili uone visivyoonekana. Mwisho wa mstari ule utakuta kishale kilichopinda badala ya ¶. Hapo mstari umevunjwa lakini aya haijaisha, kwa hiyo Word inaunyoosha ujae kama mistari mingine. Fungua kubadilisha maneno kwa Ctrl+H, juu andika ^l, hiyo ni herufi l ndogo, chini andika ^p, badilisha yote. Nikiona faili geni, ¶ ndicho kitu cha kwanza ninachowasha, kabla hata sijasoma jina la mwenye kazi.

Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili nayo ina dawa. Chagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua Kiswahili, na uondoe tiki ya Detect language automatically. Hata kama kompyuta haina kamusi ya Kiswahili, walau itaacha kukupima kwa Kiingereza.

Excel, programu ya majedwali, ina ukorofi wake, nao ni wa hatari zaidi kwa sababu haurudishiki. Orodha ya wanakikundi: namba za simu zinapoteza sifuri ya mwanzo. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ukiichapa bila vistari, Excel inahifadhi 15 za mwanzo tu na kuweka sifuri kwa zilizobaki. Ctrl+Z haikusaidii ukija kugundua keshoyake. Panga safu nzima iwe Text kabla ya kuchapa namba ya kwanza. Usijione mshamba likikupata, maana wanasayansi wa jeni walisumbuliwa na Excel iliyogeuza majina kama MARCH1 kuwa tarehe, hadi mwaka 2020 kamati inayoyapanga ikaona afadhali kubadilisha majina yenyewe. Jeni ile sasa ni MARCHF1.

Ukitumia Google Docs badala ya Word, orodha ya kubadilisha iko Tools, kisha Preferences. LibreOffice nayo ina AutoCorrect Options chini ya Tools, pamoja na kero yake ya kukumalizia neno kabla hujalimaliza. Hiyo izime siku ya kwanza.

Kitu kimoja usifanye: usizime kila tiki kwenye kompyuta ya ofisi kwa sababu umekasirika. Mwenzako wa zamu ya jioni huenda anazitegemea namba zinazojipanga. Mwambie kwanza.

Na marekebisho haya yanabaki kwenye kompyuta uliyoyafanyia. Nikikaa kwenye mashine ngeni nafungua ukurasa mtupu, nachapa (c) (e) TShs 1/2 Tsh. laki, nagonga Enter, nachapa vistari vitatu, nagonga Enter tena. Naangalia vipi vimegeuka. Halafu ndiyo namwita mteja wa kwanza.