Kwa mnaoanza kurekebisha muda wa faili kwenye kerneli

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, hitilafu ya muda wa faili msiidharau. `make`, programu ya kujenga msimbo, hutazama mtime, muda wa kubadilika yaliyomo, kujua kipi kijengwe upya, na programu nyingi za kuhifadhi nakala huliruka faili ambalo muda wake haujasogea. Kazi ya mtu hupotea hapo bila ujumbe wowote wa kosa.

Kwanza jueni ni muda upi uliokosewa. atime ni wa kusomwa, mtime ni wa kubadilika yaliyomo, ctime husogea yanapobadilika yaliyomo au maelezo ya faili, kama mwenyewe na ruhusa. Si muda wa kuzaliwa kwa faili! `chmod`, amri ya kubadili ruhusa, isogeze ctime, mtime iiache. Na atime ikigoma, msikimbilie msimbo: tangu Linux 2.6.30 ya mwaka 2009, relatime, chaguo la kupachika diski, ndiyo kawaida, nayo huisogeza atime tu ikiwa haijaipita mtime au ctime, au imeshatimiza saa 24.

Iliyonitesa zaidi ilinikuta Kisauni, usiku, nikishughulikia mfumo wa faili wa kifaa kidogo. Naandika faili, amri ya `stat` yanionyesha mtime 22:41, sawasawa. Nashusha diski kwa `umount`, naipachika tena: 21:05, muda wa zamani. Siku mbili nikailaumu diski. Kumbe msimbo ulibadilisha ainodi, rekodi ya maelezo ya faili, kwenye kumbukumbu bila kuitia alama kwamba imebadilika, basi kerneli haikuona haja ya kuiandika diskini. Ni karani wa Kilindini aliyeandika muda wa kontena kiganjani, daftarini asiutie. Mstari mmoja wa `mark_inode_dirty` ulitosha. Tangu hapo kila jaribio langu hushusha diski na kuipachika kabla ya kusoma muda.

Jaribio lenyewe nalo hudanganya. Kwa miaka mingi kerneli imechukua muda wa faili kutoka saa inayosogea kwa kila pigo la taima. HZ, idadi ya mapigo kwa sekunde, ikiwa 250, pigo ni milisekunde 4, na maandishi mawili ndani yake huweza kupata muda mmoja. Kwenye FAT, mfumo wa faili wa flashi nyingi, mtime huruka sekunde 2 kwa 2, kwa hiyo wekeni `sleep`, amri ya kusubiri, ya kutosha. FAT pia huhifadhi saa za mahali, si UTC: flashi ikitofautiana saa 3 kamili hapa Mombasa, angalieni ukanda wa saa kwanza.

Kabla ya kutuma mabadiliko, endesheni xfstests, mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili. Msiiache generic/080: hupima mtime ya faili lililoandikwa kupitia mmap, yaani faili likiambatishwa kwenye kumbukumbu ya programu, njia inayosahaulika kwa kuwa hakuna `write` inayoitwa.