Maswali na Majibu: Ndege ya Kwanza, Madirisha ya Comet na Namba za Njia za Kurukia

Swali: Je, ni haki kuwataja ndugu wawili wa Wright kuwa ndio waliorusha ndege ya kwanza, ilhali Wabrazili wanamtaja Santos-Dumont?

Jibu: Ni haki, ingawa hoja ya Wabrazili haistahili kupuuzwa. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 na kwenda takriban mita 37, na siku hiyohiyo Wilbur akakaa angani kwa sekunde 59. Mbrazili Alberto Santos-Dumont aliruka mbele ya umati jijini Paris mwaka 1906, kwa ndege iliyoondoka ardhini kwa magurudumu yake yenyewe, ambapo ile ya akina Wright ilianzia kwenye reli na kusaidiwa na upepo mkali uliovuma kutoka mbele. Kwa maoni yangu, kinachoamua ni uwezo wa kuiongoza ndege ikiwa angani. Akina Wright walijua kuinamisha mabawa, kuinua na kushusha pua, na kugeuka kulia na kushoto, kiasi kwamba Oktoba 1905 Wilbur alizunguka angani kwa dakika 39, mwaka mzima kabla ya Santos-Dumont kuruka mita 220.

Swali: Ni kweli kwamba madirisha ya mraba ndiyo yaliyoziangusha ndege za Comet?

Jibu: Kuna ukweli ndani yake, ila umefupishwa mno. De Havilland Comet ya Uingereza ndiyo ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, kuanzia tarehe 2 Mei 1952, katika safari ya London hadi Johannesburg iliyopitia Khartoum na Entebbe. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani, moja mwezi Januari karibu na kisiwa cha Elba na nyingine mwezi Aprili karibu na Naples, na hakuna aliyenusurika.

Watafiti wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, waliweka Comet nyingine ndani ya tangi kubwa, wakaijaza maji, kisha wakapandisha na kushusha shinikizo ndani yake mara kwa mara, kama inavyotokea kila ndege inapopaa na kutua. Walitumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo ukuta ukipasuka hakuna mlipuko wa kuuharibu ushahidi. Ndege hiyo ilikuwa imeshasafiri mara 1,221, na baada ya mizunguko mingine 1,836 ndani ya tangi ukuta wake ulichanika, ufa ukianzia kwenye pembe ya uwazi wa dirisha. Metali ilikuwa imechoka, yaani ilidhoofika kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi.

Hata hivyo, mabaki ya ndege ya Elba yaliyoopolewa baharini yalionyesha kwamba ufa wake ulianzia juu ya paa, kwenye uwazi uliowekwa kwa ajili ya antena za redio, na pembe za madirisha ya abiria hazikuwa kali kama za mraba kamili. Tatizo lilikuwa kwamba mkazo uliojikusanya kandokando ya kila uwazi, hasa kwenye matundu ya riveti (pini zinazounganisha bati za ndege), ulikuwa mkubwa kuliko wahandisi walivyokadiria. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wahandisi hao mara nyingi huelezwa kama watu waliosahau kuviringa pembe, na hiyo si haki kwao.

Swali: Kwa nini kisanduku cheusi kina rangi ya machungwa?

Jibu: Ili kionekane kwa urahisi katikati ya mabaki. Wazo la kifaa hiki, kinachorekodi sauti za marubani pamoja na vipimo vya ndege, lilimjia David Warren, mkemia wa maabara ya utafiti wa ndege huko Melbourne, alipokuwa akishiriki kutafakari chanzo cha ajali za Comet. Baba yake mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1934.

Swali: Injini zote zikizimika, je, ndege kubwa huanguka papo hapo?

Jibu: La hasha. Mabawa huendelea kuibeba maadamu rubani anaendelea kushuka taratibu ili kulinda mwendo. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta safarini kwa kuwa hesabu ya uzito wa mafuta ilifanywa kwa ratili badala ya kilo. Rubani Robert Pearson, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, aliiteremsha kwa kuiendesha kimshazari hadi ikatua Gimli, Kanada, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga uliokuwa umegeuzwa kuwa mahali pa mashindano ya magari, na wote 69 waliokuwamo walinusurika. Mwaka 2001, Airbus A330 ya Air Transat ilielea bila injini juu ya Atlantiki kwa takriban dakika 19 hadi visiwa vya Azores.

Swali: Namba zilizochorwa kwenye njia za kurukia zina maana gani, na kwa nini hubadilika?

Jibu: Ni uelekeo wa njia hiyo kwa dira, uliokadiriwa hadi makumi na kuondolewa sifuri ya mwisho, hivyo njia inayoelekea nyuzi 90 huandikwa 09 na upande wake wa pili 27. Kwa kuwa ncha ya sumaku ya dunia huhama polepole, usomaji wa dira nao hubadilika. Uwanja wa Stansted, Uingereza, ulilazimika mwaka 2009 kufuta 05 na 23 na kuandika 04 na 22.